Nusu ya Msimu si Nusu ya Kazi

Mwaka 2023 ligi kuu ya kandanda ya Rwanda ilimalizika kwa habari mbili zisizolingana kwa sauti. Ya kwanza ilivuma nchi nzima: timu ya jeshi, APR, ilitwaa ubingwa ikiwa na pointi sawa na Kiyovu Sports, na baada ya michezo 30 kilichozitenganisha timu hizo mbili ni tofauti ya magoli peke yake. Ya pili ilihitaji mstari mmoja tu: timu za Rwamagana City na Espoir zimeshuka daraja. Kwa msikilizaji aliye Kigali mstari huo ulikuwa ni wa kufungia kitabu cha msimu. Kwa mkazi wa Rusizi, mji ambao wengi bado wanauita Cyangugu, ulikuwa ni habari nzito, maana Espoir ndiyo timu yake, na jina lenyewe, ambalo ni la Kifaransa, maana yake ni Tumaini.

Timu inaposhuka daraja maneno huwa mengi. Mmoja humlaumu mwamuzi, wa pili humlaumu mlinda mlango aliyeachia mpira mwepesi, wa tatu husema kwamba bahati haikuwapo. Lakini historia ya kandanda, katika Rwanda na katika nchi jirani, inafundisha jambo jingine. Timu haishuki daraja siku ya mwisho ya msimu. Siku hiyo ni ya kusomewa hukumu tu. Ushahidi umekwisha kukusanywa zamani, na sehemu yake kubwa huonekana wazi pale msimu unapofika nusu. Wanaousoma ushahidi huo bila kujidanganya hupata muda wa kutengeneza. Wanaojifariji hupata muda wa kuzama.

Askari wa jeshi na wa polisi hawahitaji kuelezwa sana maana ya jambo hilo. Kikosi kilichoko kazini hakingoji vita viishe ndipo kihesabu risasi zilizobaki. Mkuu wa kikosi hukagua bohari, huuliza idadi ya wagonjwa, hutazama viatu vya askari wake, na hupima kama walioko mbele wataweza kupokewa zamu na walioko nyuma. Hufanya hivyo safari ikiwa bado ni ndefu, kwa sababu ukaguzi unaofanywa baada ya kushindwa huwa si ukaguzi tena, bali ni uchunguzi wa maafa. Kandanda ya mashindano nayo haina tofauti.

Ili kuielewa hali ya timu ya Rusizi ni lazima kwanza kuutazama mahali ulipo mji wenyewe. Rusizi imekaa katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, pale Ziwa Kivu linapomwaga maji yake katika mto Rusizi, nao mto ukayapeleka hadi Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya maji ni Bukavu, mji wa Kongo, ulio karibu kiasi kwamba taa zake za usiku huhesabiwa kwa macho. Chini, kando ya ziwa, ndiko Cyangugu ya zamani. Juu ya mlima ndiko Kamembe, penye soko, maduka na kiwanja cha ndege. Hadi mwaka 2005 hapo palikuwa makao ya mkoa wa Cyangugu. Mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 yaliufuta mkoa huo, na Rusizi ikawa wilaya katika Mkoa wa Magharibi. Katika soko la Kamembe Kiswahili si lugha ya kujifunza darasani; ni lugha ya kununulia na kuuzia, kwa kuwa pande mbili za mpaka zimezoea kuelewana kwa lugha hiyo.

Kutoka Rusizi hadi Kigali ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Barabara hupanda ikaingia katika msitu wa Nyungwe, ambao ni hifadhi ya taifa, ikapinda juu ya migongo ya milima inayogawa maji ya mto Nile na maji ya mto Kongo, kisha ikateremkia Nyamagabe na Huye kabla ya kuelekea kaskazini. Msafiri wa kawaida huisifu barabara hiyo kwa uzuri wake. Mchezaji anayeipita kwenda na kurudi, mwezi baada ya mwezi, huijua kwa maumivu ya mgongo.

Sasa itazamwe hesabu yenyewe ya nusu msimu. Ligi yenye timu 16 humfanya kila mshiriki acheze michezo 30, yaani 15 katika mzunguko wa kwanza na 15 katika mzunguko wa marudiano. Msimu wa Rwanda kwa kawaida huanza katika miezi ya baada ya kiangazi kirefu, hufika nusu karibu na mwisho wa mwaka, na humalizika katika mwezi wa Mei au Juni. Mzunguko wa kwanza unapokwisha, kila gazeti huchapa msimamo wa ligi, na kila shabiki huutazama mstari wa timu yake. Hapo ndipo kosa la kwanza hufanyika. Mtu huitazama nafasi, asitazame namna nafasi hiyo ilivyopatikana.

Zamani, katika ligi nyingi za dunia, ushindi ulileta pointi 2 na sare pointi 1. Uingereza ilianza kutoa pointi 3 kwa ushindi mwaka 1981, na kufikia mwaka 1995 Shirikisho la Kandanda la Dunia lilikuwa limeifanya kanuni hiyo kuwa ya wote. Wengi huidharau tofauti hiyo ya pointi moja, lakini ndiyo iliyobadili mahesabu ya timu ndogo. Chukua mfano wa timu mbili baada ya michezo 15. Ya kwanza haikushinda hata mara moja, bali imetoka sare mara 9 na kufungwa mara 6. Ya pili imeshinda mara 5 na kufungwa mara 10. Kwa kanuni ya zamani ya kwanza ingekuwa na pointi 9 na ya pili 10, karibu sawa. Kwa kanuni ya sasa ya kwanza ina pointi 9 na ya pili ina 15. Timu ya kwanza ni ngumu kufungwa, mashabiki wake huisifu kwa ushupavu, hata hivyo iko njiani kwenda daraja la pili. Ushupavu wa kujilinda bila nguvu ya kushambulia ni sawa na kikosi kinachoshikilia handaki vizuri huku chakula kikiisha.

Kosa la pili ni kusahau kuuliza michezo ilichezwa wapi. Michezo 15 haigawanyiki kwa mbili. Timu moja hucheza 8 nyumbani na 7 ugenini, na nyingine kinyume chake. Kwa timu ya mji mkuu tofauti hiyo ni ndogo, maana wapinzani wake kadhaa wako mji huo huo. Kwa timu ya Rusizi ni jambo la uzima. Ikiwa mzunguko wa kwanza uliipa michezo mingi ya nyumbani, pointi zilizopatikana zinaonekana nyingi kuliko uwezo wake halisi, na mzunguko wa pili utadai deni hilo njiani, msituni na ugenini.

Baada ya hesabu huja nguvu. Timu ya mpakani haikosi nguvu zake, na si haki kuizungumza kana kwamba ni maskini wa kila kitu. Nguvu ya kwanza ni nyumbani. Umbali ule ule unaowachosha wachezaji wa Rusizi wanapotoka huwachosha wapinzani wanapokuja. Timu ya Kigali hufika imekaa garini saa nyingi, hulala mahali pageni, na kesho yake hukutana na watu ambao kwao mchezo huo ni tukio kubwa la juma. Nguvu ya pili ni vijana. Wanaokulia kando ya mpaka huo huisikia kandanda ya nchi mbili, kwani Bukavu nayo ina vilabu vyake vya siku nyingi, kama vile Muungano na Bukavu Dawa. Mtoto wa Kamembe hujifunza mpira katika mazingira yenye ushindani, na mpira haujui kituo cha forodha.

Nguvu hizo zilionekana wazi mwaka 2017. Katika mwaka huo Espoir ilipenya hadi fainali ya Kombe la Amani, shindano ambalo fainali yake ilichezwa tarehe 4 Julai, siku ambayo Rwanda huadhimisha ukombozi. Ilikutana na APR ikafungwa 1-0. Kufungwa goli moja na timu ya jeshi, katika fainali, mbele ya taifa, si aibu kwa timu ya wilaya. Lakini mafanikio hayo yalikuwa na somo ambalo halikupaswa kusahauliwa. Kombe ni kama shambulio la kuvizia: wachache wenye moyo, waliojipanga vizuri kwa siku moja, wanaweza kumwangusha mwenye nguvu. Ligi ni kama safari ndefu ya miguu: hushinda yule ambaye mgongo wake unastahimili mzigo hadi mwisho. Timu iliyofika fainali ya kombe yaweza kuamini kwamba imekwisha kuwa kubwa, kumbe imethibitisha tu kwamba ina moyo. Miaka sita baadaye timu hiyo hiyo ilishuka daraja.

Ni udhaifu gani basi unaoitafuna timu ya namna hii katikati ya msimu? Wa kwanza ni uchache wa akiba. Timu yenye wachezaji 11 wazuri huanza msimu vizuri, kwani mwanzoni wote ni wazima. Ifikapo mchezo wa 15, mmoja ameumia goti, mwingine anatumikia adhabu ya kadi, wa tatu amechoka ingawa hasemi. Hapo mwalimu hugeukia benchi, na benchi ndilo linaloeleza ukweli. Timu kubwa hutoa mchezaji ikaingiza aliye sawa naye. Timu ndogo hutoa mchezaji ikaingiza matumaini. Ndiyo maana mkaguzi wa nusu msimu hapaswi kuanza kwa kuuliza habari za mfungaji bora. Aanze kwa kuuliza ni nani atakayecheza iwapo mfungaji huyo atalala hospitali.

Udhaifu wa pili ni fedha, na hasa wakati wa fedha. Timu nyingi za mikoani nchini Rwanda hutegemea msaada wa wilaya zao, na fedha za wilaya hufuata mwaka wa serikali unaoanza mwezi wa Julai na kumalizika mwezi wa Juni. Msimu unapoanza kasma ni mpya, viongozi wana furaha, na ahadi hutolewa kwa ukarimu. Ikiwa sehemu kubwa ya fungu imetumika kusajili wachezaji mwanzoni, basi mwezi wa Januari hukuta mfuko ni mwepesi na michezo 15 bado haijachezwa. Mchezaji ambaye mshahara wake umechelewa hupigana kwa miguu yake huku akili yake iko kwa mwenye nyumba anayedai kodi. Askari yeyote aliyewahi kungoja posho anajua kwamba nidhamu ya mtu mwenye njaa hupungua, hata kama kiapo chake hakikupungua.

Udhaifu wa tatu ni dirisha la usajili la katikati ya msimu. Kwa tajiri dirisha hilo ni mlango wa kuingizia. Kwa maskini ni mlango wa kutokea. Kijana aliyeng'ara Rusizi katika mzunguko wa kwanza huonekana Kigali, na klabu yenye uwezo humwita. Hawezi kulaumiwa kwa kuitikia, maana maisha ya mchezaji uwanjani ni mafupi. Lakini pengo lake hubaki. Wala pengo hilo halizibwi kwa urahisi kwa kuvuka daraja la mpakani na kumwita fundi wa Bukavu, kwa sababu kanuni za ligi huweka kikomo cha wachezaji wa kigeni, na kikomo hicho kimebadilishwa mara kadhaa. Jirani anayeonekana kwa macho, anayesema Kiswahili kile kile, katika karatasi za usajili ni mgeni.

Udhaifu wa nne ni mvua. Kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili Rwanda hupata kiangazi kifupi cha Januari na Februari. Kisha kuanzia Machi hadi Mei hushuka masika, na ukanda wa Nyungwe na Rusizi ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Udongo wa milimani huweza kuporomoka ukaziba barabara, na viwanja huwa vizito. Kwa hiyo nusu ya pili ya msimu huikuta timu ya mbali ikiwa imechoka zaidi, ina fedha kidogo zaidi, na njia yake ni mbaya zaidi. Mtu anayechukua pointi za mzunguko wa kwanza na kuzizidisha kwa mbili ili kujua mwisho wa safari anahesabu kana kwamba mlima una urefu sawa kwa anayeteremka na kwa anayepanda.

Timu za vyombo vya ulinzi huyaona mambo hayo kwa mbali kidogo, na ni vema kusema kwa nini. Katika miaka ya 1980 timu ya jeshi la wakati ule, Panthères Noires, ilitwaa ubingwa wa Rwanda mara 4 mfululizo, kuanzia 1984 hadi 1987. APR ilianzishwa mwaka 1993, vita vikiwa bado havijamalizika. Mwaka 1994 hapakuwa na bingwa, na mwaka 1995, ligi iliporejea, APR ndiyo iliyotwaa taji. Marines ya Rubavu nayo ni timu ya kijeshi. Polisi ina timu yake, Police FC, iliyoshinda Kombe la Amani mwaka 2015 na tena mwaka 2024. Siri ya timu hizi si kwamba askari huzaliwa na vipaji kuliko raia. Siri ni utaratibu: mshahara hufika, mahali pa kulala panajulikana, safari hupangwa, na amri ikitolewa hutekelezwa. Vitu hivyo havionekani katika picha za magazeti, lakini ndivyo vinavyomfikisha mchezaji mwezi wa Mei akiwa na mapafu yaliyo hai.

Hata hivyo utaratibu nao unaweza kuficha udhaifu. Kuanzia mwaka 2012 APR ilifuata siasa ya kutumia wachezaji wa Rwanda peke yao, na kwa muda wa miaka kumi na zaidi ilitawala nyumbani mara nyingi kwa siasa hiyo. Ilikuwa ni siasa yenye heshima, na iliwapa vijana wengi nafasi. Lakini katika mashindano ya Afrika ilikuwa ikirudi nyumbani mapema. Mwaka 2023 iliamua kuchukua tena wachezaji wa kigeni. Katika mwaka huo huo ilikutana na Pyramids ya Misri katika mashindano ya mabingwa wa Afrika. Mchezo wa Kigali ulikwisha 0-0. Katikati ya pambano hilo la michezo miwili wengi waliridhika: timu haikufungwa, ulinzi umesimama, kazi imebaki nusu. Mjini Cairo APR ilifungwa 6-1. Yule aliyeisoma ile 0-0 kama ngao hakuona kwamba ilikuwa pia ni ushahidi wa kukosa goli la nyumbani. Hapo ndipo msemo wa kazi iliyobaki nusu unapodanganya, kwa kuwa nusu ya pili ya kazi mara nyingi huwa nzito kuliko ya kwanza.

Kwa upande mwingine historia haikosi mifano ya timu zilizojikagua mapema zikaokoka. Rayon Sports, ambayo haikuwa imetwaa ubingwa tangu mwaka 2004, iliuanza vibaya msimu wa 2012/13. Katika mwaka huo wa 2012 ilikuwa imerudi Nyanza, nyumbani kwake kwa asili, ikasaidiwa na wilaya hiyo, na msimu ukiwa umekwisha kuanza ikamchukua mwalimu Mfaransa Didier Gomes Da Rosa, ambaye baadaye, mwaka 2021, alikuja kuwa mwalimu wa Simba ya Dar es Salaam. Msimu ulipokwisha Rayon Sports ilikuwa bingwa. Mwalimu mpya hakuleta miujiza mfukoni. Kilichofanyika ni kwamba klabu ilikubali mapema kuwa mambo ni mabaya, ikabadili yaliyowezekana kubadilishwa wakati michezo mingi bado ilikuwa mbele.

Tanzania nayo ina mfano ulio karibu zaidi na hali ya Rusizi. Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga, iliyokuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa, ilikwenda Mbarali, mkoani Mbeya, ikafungwa 2-1 na Ihefu, timu ya mashambani iliyokuwa katika nafasi za chini. Siku ile watu wengi walizungumza juu ya rekodi iliyovunjika. Lakini la kukumbukwa zaidi ni kilichofuata katika pande zote mbili. Yanga haikufukuzana wala kuvunjana moyo. Ilimaliza msimu ikiwa bingwa, na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Ihefu nayo haikulewa ushindi wa siku moja. Iliendelea kujijenga ikabaki katika ligi kuu. Aliyefungwa hakuogopa kupita kiasi, na aliyeshinda hakufurahi kupita kiasi. Huo ndio moyo unaotakiwa katikati ya msimu.

Pengine mtu atauliza kama ni sawa kutumia maneno mengi hivi kwa ajili ya mchezo, na tena mchezo wa timu ya pembezoni. Jibu liko Rusizi kwenyewe. Katika mji huo upo Uwanja wa Kamarampaka, wenye jina linalokumbusha kura ya maoni ya mwaka 1961 iliyouondoa ufalme. Mwezi wa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu waliokuwa wamekimbilia katika kanisa kuu la Cyangugu walihamishiwa katika uwanja huo, wakawa chini ya ulinzi wa askari wa jandamari. Mashahidi walieleza mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, mjini Arusha, jinsi wakubwa walivyofika na orodha, majina yakasomwa, watu wakatolewa, wakauawa. Katika kesi hiyo ya Cyangugu luteni aliyekuwa mkuu wa kambi ya jeshi ya Karambo alitiwa hatiani kwa makosa yaliyotendwa kambini humo. Watu walikuwa wameambiwa kwamba uwanjani wangelindwa. Waliovaa sare ndio waliokuwa malangoni.

Kwa hiyo uwanja wa mpira katika mji kama huo si majani na milingoti tu. Kila Jumamosi ambayo umati huingia humo kwa hiari yake, ukapiga kelele kwa ajili ya goli, kisha ukatoka salama na kurudi nyumbani, ni siku ambayo uwanja umerudishiwa kazi yake ya haki. Na kila polisi asimamaye langoni siku hiyo, akikagua tiketi na kumwongoza mtoto aliyepotewa na mzazi wake, anaitengeneza heshima ya sare kwa namna ambayo hotuba haiwezi. Timu inaposhuka daraja, timu kubwa haziji tena, umati hupungua, na mji hupoteza sehemu ya siku hizo. Mwaka 2024 timu zilizopanda kuingia ligi kuu zilikuwa Rutsiro na Vision, wala si Espoir. Hasara ya namna hiyo haiandikwi katika msimamo wa ligi, lakini mji huihisi.

Mafunzo yanayopatikana ni machache na yako wazi. Viongozi wa timu, ifikapo nusu ya msimu, waketi na waulize: Ni pointi ngapi zilipatikana nyumbani, na ni ngapi ugenini? Magoli yalifungwa na watu wangapi, au mzigo wote uko juu ya mmoja? Nani ataingia aliye mbele akiumia? Fedha iliyobaki inatosha hadi mwezi gani? Nani anataka kuondoka, na je, ameulizwa kwa heshima kabla hajashawishiwa na wengine? Maswali hayo yajibiwe kwa takwimu, si kwa matumaini, hata kama tumaini ndilo jina la timu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kandanda ufa huonekana mwezi wa Desemba, ukuta huanguka mwezi wa Mei.

Somo hilo haliishii kwa viongozi wa timu. Kila kituo cha polisi, kila kombania na kila kambi ina nusu ya msimu wake, yaani wakati ambapo kazi imekwenda mbali kiasi cha kuonyesha kasoro, lakini haijaenda mbali kiasi cha kufanya kasoro hizo zisiweze kurekebishwa. Mkuu mwema huutambua wakati huo. Hawafichi walio chini yake ukweli, wala hawavunji moyo kwa ukweli huo. Huwaonyesha mahali palipo na nguvu ili wapashikilie, na mahali palipo na udhaifu ili waparekebishe, kisha hutangulia yeye mwenyewe kazini. Kikosi kikiongozwa hivyo chaweza kushindwa siku moja, lakini hakitashangaa kamwe kwa nini kimeshindwa, na kwa sababu hiyo kitakuwa na njia ya kurudi. Espoir nayo haijanyimwa njia hiyo. Msimu wowote itakaocheza utakuwa na nusu yake, na hapo ndipo ihesabu mapema.